Fahali wa Meksiko na Fomu ya Baraka

Banda la Gemu la Kimataifa,
Nyuma ya Soko, Ifakara.
14 Septemba 2024

Mpwa wangu Levina,

Tumsifu Yesu Kristo! Milele amina nimeitikia mwenyewe, maana mpaka sauti yako ivuke daraja la Kivukoni hii chai itakuwa imepoa.

Hapa wote wazima. Mimi ndiyo usiseme, jana muuza nyanya kaniuliza kama nimefika arobaini, nikamwambia shusha kidogo. Mmenyimwa simu huko kwa masista, basi sawa, barua naziweza. Usisahau mjomba wako aliishi Lusaka miaka miwili, nikawa nawaandikia madereva wa malori barua za kwenda kwa wake zao. Hakuna mke hata mmoja aliyedai talaka. Darasa la saba langu lina thamani kuliko vyeti vya watu fulani hapa mjini, na nikisema watu fulani namaanisha Nikodemu mwenye banda la jirani.

Sasa jambo letu. Ile fomu ya baraka ya mzazi ipo. Imelala kwenye droo chini ya pedi mbovu za kuchezea gemu, haijaguswa hata na tone la chai. Na neno langu liko palepale tulipoliacha mwezi wa saba, pale stendi, wewe na sanduku lako la bluu: siku mjomba anapomwangusha fahali wa Meksiko kwa mikono yake, siku hiyohiyo anasaini, na unapokelewa unovisi wa usista tarehe nane Desemba mimi nikiwa benchi la mbele na suti ya Durban. Nikishasema nimesema.

Lakini Levina, huyu fahali ni mtu mbaya.

Nakupa ripoti. Kakakuona wetu wa kwenye runinga anaanza vizuri pale kijijini. Wale wapiga gitaa watatu wa mifupa wanatoka nyuma ya kisima, kofia zao pana kama nyungo, wananitupia magitaa. Naruka, nikiwa hewani naruka tena, napita juu ya kofia zao bila hata kusalimia. Dungusi, ule mti wa miiba unaojifanya umesimama tu halafu ukisogea unatema: najiviringa kama mpira, miiba inagonga gamba, kwaheri. Punda wa karatasi anayening'inia juu na kukuangukia na pipi zake zote: sisimami chini yake, adabu imeniingia. Mpiga mieleka mwenye barakoa, yule anayelinda mlango wa kanisa, namkanyaga kichwani mara mbili, anapiga magoti. Kisha ule ukuta mrefu. Nateleza nao hadi chini, kucha zinatoa cheche, benchi zima la wateja linasema Anko Poli noma.

Halafu geti linafungwa na fahali anatoka. Mara ya kwanza akija narukia ukutani, pembe zake zinanasa, namdondokea mgongoni kama gunia la mpunga. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu sielewi hata kinachotokea, naona nyota, narudi kijijini mwanzo kabisa na wale mifupa wananichezea gitaa upya. Mara thelathini na nane sasa! Na nyuma ya geti lake kuna nini sijui, kwa sababu Ifakara nzima ni wewe peke yako uliyefika na ukakataa kuniambia. "Mjomba, utaona mwenyewe." Haya, nimekaa naona ukuta.

Nipe mbinu. Na uwe mwangalifu, maana Nikodemu kaanza kunichunguza. Jana kapita mbele ya banda langu mara tatu eti anatafuta vocha, na vocha kwake anauza. Barua hii nampa Beno, konda wa basi la Mahenge, mkononi. Na wewe ukijibu umpe Beno, mkononi.

Ni mimi mjomba wako niliyeiona dunia,
Apolinari Ligambi


Nyumba ya Malezi, Mahenge.
3 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nne. Mimi ni mzima. Tunalima bustani, tunasali, na sasa najifunza kinanda. Sista wa muziki anashangaa vidole vyangu vilizoea wapi kwenda kwa kasi hivi. Sijamwambia.

Mlezi wetu wa zamani amehamishiwa Malinyi. Tangu tarehe moja tuna mlezi mpya, Sista Kandida. Ni mtu makini sana.

Kuhusu yule fahali. Mara ya tatu pembe hazinasi, ndiyo sababu anakukamata. Usiruke, mjomba. Simama katikati, mngoje mpaka ainamishe kichwa, kisha jiviringe upite chini ya tumbo lake utokee mkiani. Hapo ndipo upande ukutani na kumdondokea. Anayejua kuruka huona aibu kupita chini, na fahali anaishi kwa aibu hiyo.

Fomu inatakiwa hapa kabla ya tarehe ishirini na tano Novemba. Wenzangu wanne zao zimeshafika. Nakuomba, mjomba. Jambo hili linanijia hata kwenye sala, na si vizuri mtu kumwaza fahali akiwa amepiga magoti.

Kula vizuri. Maandazi siyo chakula cha jioni.

Mpwa wako,
Levina


Ifakara.
12 Oktoba 2024

Levina,

Tumeingiliwa.

Kaa chini kwanza. Bahasha yako imefika, lakini anwani haikuandikwa na wewe. L yako ina mkia, hii L imesimama wima kama askari wa getini. Imefungwa kwa uji wa unga, na wewe tangu utoto unafunga kwa mate. Halafu chini kabisa ya karatasi, pembeni, kuna alama ya vema kwa wino mwekundu! Mtu kaisoma barua yetu akaipa vema kama daftari la hesabu.

Nani ana wino mwekundu Ifakara? Nikodemu. Aliwahi kufundisha chekechea miezi minne kabla wazazi hawajamgundua. Nimemkamata Beno nikamuuliza, akasema, "Anko, mimi nimepewa na sista mmoja mwenye miwani, pale getini." Sista gani? Nimemtazama machoni, yeye akatazama matairi. Masista wana rozari, wana bustani, wana watoto wa watu wa kuwafundisha, watapata wapi muda wa kusoma habari za fahali? Huyu Beno kanunuliwa. Kwa soda, nadhani, si mtu wa bei kubwa.

Kwa hiyo kuanzia leo sitaji kitu kwa jina lake. Utanielewa kwa mpangilio, maana mpangilio unaujua kuliko mimi. Sikiliza.

Mtu wetu ametoka salama mahali pa kuanzia. Wanakwaya watatu amewaruka. Mama Mwenye Miiba hakumpata. Katekista amekanyagwa kichwani mara mbili pale mlangoni mwa kanisa, akapiga magoti. Mtu wetu akateleza ukutani hadi chini bila jeraha. Ila Mwenyekiti bado anamkamata getini. Ile njia yako ya chini mtu wetu kaijaribu mara kumi na moja, haifai kabisa. Tafuta njia nyingine ya kutokea pale getini. Wala usiwe na haraka. Hata kama tarehe ikipita siyo mwisho wa dunia, mwakani upo, na chumba chako kipo.

Ndani ya bahasha nimeweka punje kumi na tatu za mchele. Zihesabu. Zikipungua, tumeuzwa. Ukishasoma, choma.

Unayemjua,
A.


Nyumba ya Malezi, Mahenge.
22 Oktoba 2024

Bwana Apolinari Ligambi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Sista Kandida, mlezi wa wapostulanti, wasichana wanaojiandaa kwa unovisi. Barua zote zinazoingia na kutoka katika nyumba hii nazipitia mimi. Ndiyo kanuni yetu, na wasichana wanaijua. Alama nyekundu ni yangu. Sio ya Bwana Nikodemu, ambaye simfahamu.

Barua ya kwanza ya Levina niliyoipitisha ilihusu fahali. Nilidhani mna mifugo, nikaipitisha. Barua yako ya tarehe kumi na mbili sikuipitisha, na hajaisoma.

Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma napata swali jipya. Nyumba hii ina ukuta mmoja na geti moja. Unaandika kuhusu mtu wenu anayeteleza ukutani, anayetafuta namna ya kutokea getini, na unamshauri Levina asiwe na haraka kwa sababu chumba chake kipo. Unaandika kwamba katekista amekanyagwa kichwani. Bwana Ligambi, katekista wetu alifika hapa Alhamisi ya tarehe kumi akiwa amefungwa bendeji kichwani. Anasema alianguka na pikipiki. Niliposoma barua yako nilimwita na kumuuliza upya ni nani aliyemfanyia hivyo. Alishangaa sana. Mwenyekiti ni nani? Mama Mwenye Miiba ni nani? Na kwa nini choma?

Punje za mchele zilikuwa kumi na tatu. Nimezihesabu. Sijui ni za nini, na kwa sababu hiyo sikuruhusu zipikwe.

Nimemwuliza Levina bila kumwonyesha barua. Nilimtajia ukuta, geti na katekista. Aliinama, nikaona mabega yanamtikisika, sikujua kama analia au anacheka. Kisha akasema, "Sista, barua ni ya mjomba, maelezo ni ya mjomba." Ni siku ya sita sasa, hajaongeza neno.

Nakueleza wazi kwa sababu wewe ndiye uliyemlea. Hapa hatumpokei binti aliyeondoka nyumbani bila baraka, na hatumpokei binti ambaye jamaa zake wanapanga kumtoa kwa siri. Fomu yako haijafika tangu Julai. Isipofika kabla ya tarehe ishirini na tano Novemba, pamoja na maelezo ya kweli, Levina atarudishwa Ifakara, na sidhani kama mlango utafunguliwa mara ya pili.

Sista Kandida


Banda la Gemu la Kimataifa, Ifakara.
31 Oktoba 2024

Mheshimiwa Sista Kandida,

Shikamoo, hata kama nimekuzidi umri, maana kwa barua ile nimejisikia kama nimevaa kaptura.

Sista, nimevuka Tunduma mara saba, nimekaa Lusaka, nimeiona bandari ya Durban kwa macho haya mawili, na mahali pekee nilipofunguliwa mzigo ni mpakani. Sikujua kwamba Mahenge nako kuna mpaka. Lakini umeuliza, nami si mtu wa kujificha.

Ni gemu. Ile ya kwenye runinga, ya kushika pedi kwa mikono miwili. Mimi ndiyo kazi yangu, nina mashine tatu, viti kumi na viwili na jina linalojulikana mpaka Katindiuka. Kuna leveli moja ya nchi ya Meksiko, na Levina aliimaliza akiwa kidato cha tatu, mtu wa kwanza bonde zima. Wanakwaya ni mifupa inayopiga gitaa. Mama Mwenye Miiba ni mti. Katekista ni mpiga mieleka, naye ana barakoa, sio bendeji. Mpe pole sana katekista wako. Siku aliyoanguka na pikipiki mtu wetu alikuwa Meksiko, nina mashahidi sita. Mwenyekiti ni fahali. Na mtu wetu ni kakakuona, naomba usianze kuogopa, sio yule wanayemwekea maji na mpunga ili atabiri mvua. Huyu kazi yake kuruka mara mbili hewani, kujiviringa, kushika ukuta kwa kucha na kuelea kwa kofia. Mchele ulikuwa mtego wa Nikodemu. Pika tu, ni mchele mzuri, wa kwetu.

Sasa na mimi nina shaka zangu, Sista. Binti yangu alikuwa anacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Barua yake uliyoipitisha haina kicheko hata kimoja. Wewe umekuja tarehe moja, barua imeandikwa tarehe tatu. Nahesabu tu. Na mtu anayehesabu mchele wa watu sijui anahesabu nini kingine.

Kama unadhani ni mambo ya ushirikina, nakuapia hapana. Hao Meksiko ni Wakatoliki kama sisi. Keshokutwa tarehe mbili tutaenda makaburini kuwaombea marehemu wetu, si ndiyo? Basi na wao. Mwisho wa leveli kabisa kuna makaburi, na kuna bibi wa mifupa kavaa gauni la maua, hapigani na mtu. Kakaa anawasha mishumaa, saba, kwa taratibu, na mbwa wake asiye na manyoya kalala miguuni. Ukipita anakupa mshumaa mmoja uwashe mwenyewe. Niambie, Sista, hapo ubaya uko wapi? Hata wewe ungepita na rozari yako.

Kuhusu fomu, itakuja fahali akilala. Levina anajua.

Wako katika Kristo na katika teknolojia,
Apolinari Ligambi, Mkurugenzi


Nyumba ya Malezi, Mahenge.
9 Novemba 2024

Bwana Ligambi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nilipopata barua yako sikuiamini. Kwa hiyo nilimpa Levina karatasi kubwa na penseli, na bila kumwonyesha ulichoandika nikamwambia achore kila kitu kuanzia mwanzo. Alinitazama, akauliza, "Mjomba amekwambia?" Nikasema chora.

Alichora kwa saa mbili. Nilikaa na barua yako upande wangu nikilinganisha. Mifupa mitatu, mti, mpiga mieleka, ukuta, fahali. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Yeye alichora pia punda wa karatasi ambaye wewe hukumtaja. Nilidhani nimempata mmoja wenu kwa uongo, lakini alinieleza, nikakubali. Bado sielewi kwa nini punda ajazwe pipi.

Nimeridhika kwamba hakuna mtu anayetaka kuruka ukuta wetu. Nimemwomba radhi Levina na katekista. Wewe nakuomba radhi nusu, kwa sababu mtu mwenye jambo safi haandiki choma.

Baada ya hapo nilimpa barua zako zote mbili azisome. Kile kicheko ulichokitafuta kilikuwepo, niliuombea ukuta usianguke. Alicheka mpaka alipofika kwa yule bibi wa mishumaa. Pale alisimama. Alirudia mistari ile kwa kidole. Akaniuliza kama hiyo ni barua ya tarehe thelathini na moja kweli. Kisha akaomba karatasi nyingine.

Barua yake imo humu. Nimeifunga bila kuisoma. Ni ya kwanza kuifunga hivyo tangu niwe mlezi, na mkono wangu ulisita sana kwenye uji wa unga.

Tarehe ishirini na tano haijabadilika.

Sista Kandida


Nyumba ya Malezi, Mahenge.
9 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Umemwona bibi.

Usikatae, utachoka bure. Yule bibi hatokei mpaka fahali aanguke na geti lifunguke. Hayupo kwenye boksi la gemu, hayupo kwenye picha za mwanzo, na mimi sikumwambia mtu kwa sababu nilitaka umwone mwenyewe bila kuharibiwa. Umeandika mishumaa saba. Ni saba. Umeandika anawasha taratibu, na umemtaja mbwa. Mtu anayekamatwa getini mara thelathini na nane hawezi kumjua yule mbwa.

Mjomba, nakufahamu. Umeficha mambo yote vizuri, ila kukaa na habari tamu bila kuisema hukuweza.

Shaka ilinianza kidogo niliposoma ile ya tarehe kumi na mbili. Mtu ambaye kweli kashindwa mara kumi na moja huuliza: nimngoje kiasi gani, nitokee upande gani? Wewe hukuuliza kitu. Umesema haifai kabisa, halafu ukasema mwakani upo. Nikasema huyu sio mjomba wangu anayetafuta njia. Huyu anaziba.

Unajua nilikaa siku ngapi nikimnyamazia Sista Kandida? Alinitajia ukuta, nikaelewa papo hapo ni Meksiko, nikang'ata midomo nisicheke mbele yake. Lakini ningemwelezaje? Ningesema ni gemu, angeuliza gemu inahusiana nini na fomu. Ningelazimika kusema kwamba mjomba wangu ameitundika baraka yangu kwenye pembe za ng'ombe wa runinga. Nikaona afadhali nishukiwe mimi kuruka ukuta kuliko uchekwe wewe mbele ya masista.

Labda unadhani nimekuja huku kujiosha na banda. Naomba nikwambie jambo. Siku ya mahojiano, mlezi wa zamani aliniuliza nani alinifundisha uvumilivu. Wenzangu walitaja watakatifu. Mimi nilisema mjomba Apolinari. Nikasema nilipokuwa na miaka sita nilitumbukia shimo la kwanza la leveli ya kwanza siku nzima, wateja wamepanga foleni, wengine wanatukana, na hakuninyang'anya pedi. Alikuwa anawaambia, "Ngojeni, huyu anasoma." Sista aliandika jambo kwenye daftari lake, na nadhani kwa neno lile ndipo nilipopokelewa hapa.

Kwa hiyo sema kweli. Kama hutaki niwe sista, andika hutaki, utie sahihi. Nitarudi. Nitafagia banda, nitawapanga wateja, sitakununia hata siku moja. Lakini sitarudi nyumbani kwa sababu ya fahali aliyekwisha kuanguka.

Nakungoja.

Levina


Ifakara.
16 Novemba 2024

Levina,

Ni kweli.

Alianguka mwezi wa nane, Jumatatu asubuhi. Banda lilikuwa tupu, nimefungua mapema nifagie, nikasema ngoja nijaribu moja kabla ya mteja. Na naomba ieleweke kwamba ile ya kupita chini ya tumbo niliigundua mwenyewe, kwa akili yangu, mwezi mzima na zaidi kabla hujaniandikia. Hilo lisipotee kwenye historia.

Geti likafunguka. Hakuna aliyepiga kelele, maana hakukuwa na mtu. Fikiria mjomba wako, jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu baada ya Durban, na hakuna wa kumwambia. Nikageuka nyuma kukuita. Nimesema "Levina, njoo uone!" kwa sauti, peke yangu, na ufagio umeegemea mlango.

Nikaingia makaburini. Yule bibi akanipa mshumaa. Nikauwasha, mbele yake ikaja ile fremu ya picha isiyo na mtu, unaijua, wanakuachia umweke marehemu wako. Nikamweka dada yangu Tekla. Mama yako alikuwa na mtazamo ule wa kuuliza bila kufungua mdomo, na pale nilimwona anauliza mtoto yuko wapi. Nikamjibu yuko salama, yuko kwa masista. Halafu likanijia: nikichukua kalamu leo, baada ya hapo nitabaki na nani wa kumwambia njoo uone? Nikodemu? Nikazima mashine kama mwizi. Baadaye nikaketi nikakuandikia kwamba nimeshindwa, na kwa vile nimeandika barua nyingi za watu, uongo ulitoka umenyooka.

Nilikuwa nawashuku wote, Levina. Beno, Nikodemu, yule Sista. Kumbe mtu wa kutiliwa shaka alikuwa anakunywa chai yangu kwenye kikombe changu.

Beno nimemwomba radhi stendi mbele ya abiria. Nikodemu nimempelekea samaki, kitoga mkubwa kutoka Kivukoni, mbichi, anang'aa. Kamtazama samaki, kanitazama mimi, akakata kipande akampa paka kwanza. Tukakaa kwenye ngazi yake tunamwangalia paka nusu saa nzima. Paka alipoomba tena ndipo akasema karibu ndani.

Umeniambia nikiandika sitaki, utarudi. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelainika. Ungerudi kweli, nakujua, ungefagia na usingenuna, nami ningekaa hapa na wewe kila siku nikijua nimekushinda kwa kudanganya. Nimewashinda wengi, lakini hivyo hapana.

Basi, mimi Apolinari Ligambi, nikiwa na akili zangu timamu na bila kushawishiwa na mnyama yeyote, natoa baraka. Uende. Fomu iko kwa Beno, ndani ya bahasha isiyofungwa ili Sista Kandida asipate taabu na uji. Nimeijaza kwa kalamu ya wino, tarehe ipo, sahihi ipo, na shahidi ni Nikodemu, ambaye ameisoma yote kutoka juu hadi chini mara mbili kabla ya kusaini, hana imani na mtu.

Ila kuna mahali pamoja Sista atapaona na atakuita. Chini ya jina langu wameandika: Baba, Mama, Mlezi, na kwenye mabano, futa isiyohusika. Nikaona hii nyepesi, nafuta mbili nabakiza moja. Nikaweka kalamu juu ya Baba. Nikakumbuka nilivyokaa kwenye kikao cha shule yako, mwalimu anauliza baba wa Levina yupo, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikaiacha. Nikaja kwenye Mama. Nikakumbuka zile nywele nilizokusuka darasa la kwanza, zikasimama kama dungusi, ukakataza mtu yeyote asizifumue kwa sababu kasuka mjomba. Nikaiacha na hiyo.

Akisema fomu haijajazwa vizuri, mwambie imejazwa. Nimesoma maneno yote matatu, sikuona isiyohusika.

Apolinari